Hardly kwenye Bamba la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Naandika kabla hata sijavua viatu.

Mkutano wa wafanyakazi wote, ukumbi mdogo, saa mbili asubuhi. Meneja katangaza mambo mawili. La kwanza, Mama Mkwe anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo. Miaka thelathini na moja katika chumba cha dobi cha hoteli hii! Mashuka, mataulo, mashati ya wageni, vyote vimepita mikononi mwake. Atatengenezewa bamba la shaba, libandikwe ukutani karibu na mlango wa dobi, kwa maneno ya Kiingereza, kwa sababu wenye hoteli wanakuja kutoka ng'ambo kushuhudia. La pili, kutakuwa na cheo kipya. Mkuu wa Mawasiliano. Na chumba chake. Chenye dirisha!

Mimi ni karani wa masjala. Nimekaa miaka tisa na mafaili katika chumba ambacho mwanga wake wote unapitia kwenye kitundu alichotoboa fundi bomba kwa makosa.

Meneja akauliza nani ataandika maneno ya bamba. Bwana Tai wa mapokezi akaanza kuinua mkono. Taratibu, kama mtu anayejua kwamba atachaguliwa tu. (Tunamwita Bwana Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai. Nadhani anaoga nayo.) Mkono wangu ulipaa! Ulipaa kwa kasi hata ukapiga kikombe, na chai yote ikaishia kwenye shati la jirani yangu. Ukumbi mzima ukanigeukia. Meneja akashusha pumzi, akasema haya, wewe. Nimepata!

Mpango uko wazi kama kiganja. Bamba linapendeza, wenye hoteli wanauliza nani kaandika, dirisha ni langu. Tena kuna faida ya pili. Mama Mkwe huniita mwanangu, lakini kila mara kabla ya neno hilo anatoa pumzi ndefu, kama mtu anayeinua ndoo iliyojaa. Ana sababu zake. Kuna lile jambo la nyuki niliowafuga kwenye roshani yetu. Sitaki kulirudia. Lakini akiona jina lake kwenye shaba, kwa Kiingereza, na mkwe wake ndiye mwandishi? Pumzi itakwisha!

Mke wangu kashauri nimpelekee kwanza Mwalimu, mstaafu wa ghorofa ya chini, aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote. Eti asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nimemjibu kwamba anayeuliza anajitangaza hajui.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika! Sentensi moja, imetoka yote kwa mkupuo, nikiwa kati ya faili la likizo na faili la mabomba. Nainakili hapa ili wajukuu waione:

FOR THIRTY-ONE YEARS SHE WORKED HARDLY AND NEVER LEFT A STAIN.

Yaani: kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwa bidii na hakuacha doa hata moja. Tazama hiyo hardly! Karani wa kawaida angeandika hard tu, ikaning'inia pale kama suruali isiyopindwa. Mimi najua kanuni. Quick ni upesi, ukisema namna mtu alivyofanya unasema quickly. Slow, slowly. Kwa hiyo hard, hardly. Kiingereza ni lugha ya watu wenye utaratibu.

Bwana Tai kapita masjala mara tatu akijifanya anatafuta gundi. Nimelalia karatasi kifudifudi mpaka akaondoka.

Ilibaki saini ya Meneja. Hapo nimetumia akili. Nimeichomeka karatasi yangu katikati ya fomu kumi na saba za kuomba balbu. Meneja hasomi fomu za balbu. Kasaini zote huku anaongea na simu! Saa tisa maandishi yalikuwa mezani kwa fundi mchongaji, mtaa wa pili. Kaniuliza kama yameshakaguliwa. Nimemwonyesha saini. Kaanza kuchonga.

Alhamisi, 6 Machi

Bamba limekamilika! Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Shaba inang'aa hata unaweza kunyolea ndevu. Herufi zimezama ndani, kingo zimekwanguliwa laini, na jina la Mama Mkwe liko juu kabisa. Nimelitembeza. Jikoni wamepiga vigelegele. Mlinzi wa lango kanipigia saluti, ingawa nadhani alikuwa anampigia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Lakini bora kuliko yote ni Bwana Tai. Kalisoma mara moja. Kalisoma tena, midomo inacheza. Kisha kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa kabisa, akaniambia hongera, nisibadilishe hata herufi moja.

Adui kasalimu amri! Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimemweleza mke wangu. Yeye kasema kikulacho ki nguoni mwako, akaendelea kukunja nguo. Wivu wa kifamilia, huo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Jioni nilimkuta Mwalimu kwenye ngazi, anapandisha ndoo ya maji. Nikampa shikamoo, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikamsomea sentensi yangu kwa sauti, mkono kifuani. Mwalimu akaweka ndoo chini. Akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Akakaa juu ya ngazi.

Akaniuliza taratibu ni nani huyo anayeagwa. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Akafunga macho.

Kumbe hardly si hard! Kumbe Waingereza hawana utaratibu wowote! Mwalimu kanieleza kwamba mtu akifanya kazi kwa bidii ni works hard, bila mkia. Ukitia mkia, maana inageuka: karibu hafanyi kabisa. Anagusa tu. Nimemwandikia mama wa watu, kwenye shaba, kwamba kwa miaka thelathini na moja alikuwa hafanyi kazi.

"Na hakuacha doa," Mwalimu akaongeza, akijizuia kucheka. "Angeliachaje, kama hafui?"

Sasa naielewa ile mikono miwili ya Bwana Tai. Yale hayakuwa machozi ya kushindwa. Alikuwa anajizuia kucheka, yule nyoka aliyefungwa tai!

Sili. Mke wangu kaniuliza nina nini. Nimesema jino.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na mpango! Makosa ni herufi mbili tu. L na Y. Dunia nzima haiwezi kuangamia kwa L na Y.

Nililichukua bamba hotelini kwa kisingizio cha kuling'arisha, nimelifunga kwenye shuka, mbio kwa mchongaji. Nikamwomba afute herufi mbili. Kaniangalia kama mtu aliyeombwa kurudisha mkate uwe unga. Kasema shaba si ubao wa chaki, kilichochongwa kimechongwa, na bamba jipya haliwezi kuwa tayari kabla ya Ijumaa. Kisha akauliza kama hayakukaguliwa. Nimeondoka bila kuaga.

Basi nikajifanyia mwenyewe. Bafuni, mlango umefungwa. Nimechanganya gundi, dawa ya meno, na ile rangi ya dhahabu ambayo mke wangu hupakia fremu za picha. Nimeziba L. Nimeziba Y. Nimeacha zikauke, nimefuta kwa kitambaa.

Matokeo: rangi imeshika ndani ya hizo herufi mbili, na zinameremeta kuliko nyingine zote. Nimeliweka bamba sebuleni nikasimama mlangoni kulitazama. Jina la Mama Mkwe halisomeki vizuri kutoka pale. LY inasomeka.

Jumapili, 9 Machi

Hodi imebishwa saa nne asubuhi. Mama Mkwe! Peke yake, bila taarifa, na mke wangu yuko sokoni.

Bamba lilikuwa limelala wazi juu ya kochi. Nimeruka kama chura. Sikuwa na muda wa kufika chumbani, nikalisukuma chini ya mto wa kochi, na pale pale Mama akaingia, akaenda moja kwa moja, akakaa juu yake. Amekalia sifa zake mwenyewe! Kajisogeza kidogo huku na huku. Kasema kochi letu limekuwa gumu. Nimesema ni spongi mpya.

Kisha kaanza kuongea, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuniuma kwelikweli. Kasema kesho kutwa ndugu zake wanaanza kuwasili. Dada zake wawili, na kaka yake mkubwa ambaye hatoki kwake kirahisi. Kasema katika maisha yake yote jina lake limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwenye daftari la zamu na kwenye ndoo yake ya kazi, basi. Ukutani, hajawahi. Kasema kasikia mimi ndiye niliyeandika maneno.

"Nimefurahi, mwanangu," akasema.

Bila pumzi! Nimeingoja ile pumzi, haikuja!

Nikakimbilia jikoni kuweka chai, nikakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji, nikiuegemea ukuta. Niliporudi, Mama alikuwa amekaa vilevile, mkoba magotini. Kanitazama. Kaniuliza kama nina neno lolote la kumwambia.

Nimemwambia ndiyo, sukari iko pale pembeni.

Kanywa nusu kikombe. Kaaga.

Jumatatu, 10 Machi

NIMEOKOKA! Andika kwa herufi kubwa! Nimeokoka, na nimekuwa msomi!

Nilishuka kwa Mwalimu alfajiri, hata meno sijapiga mswaki. Nilikwenda kuomba huruma tu. Lakini Mwalimu ni mtu asiyeweza kuona neno linapita bila kuliuliza limetoka wapi. Kavuta kutoka chini ya kitanda kamusi kuu, jalada limeng'oka, imefungwa kwa kamba ya katani. Kapuliza vumbi. Kafungua herufi H.

Kumbe hardly ina historia! Hapo kale, kasema Mwalimu, neno hilo lilimaanisha hasa kile nilichokitaka mimi. Kwa nguvu. Kwa ushupavu. Bila woga. Shujaa alipigana hardly na watu wakamsifu! Halafu polepole likaanza kuteleza. Kitu kinachofanywa kwa nguvu nyingi ni kitu kigumu, kwa hiyo likaja kumaanisha kwa taabu. Na kinachofanyika kwa taabu ni kama hakifanyiki, kwa hiyo, kiasi cha miaka mia tano iliyopita, likaanza kuteremka hadi hapa lilipo. Karibu na hapana.

Nikamwuliza neno linawezaje kugeuka msaliti namna hiyo. Kacheka. Kasema nisiwalaumu Waingereza, hata sisi tunafanya. Mtu akisema maji yanapatikana kwa shida, je, anasifu juhudi za maji? Anasema hayapo! Mtu anaonekana kwa shida, maana yake haonekani. Shida ni ileile, imeteleza vilevile.

Nilikaa kitako. Kweli kabisa!

Na mkia je? Ile LY? Hiyo nayo, kasema, asili yake ni neno la kale lenye maana ya mwili, umbo. Mwili! Kwa hiyo ukilivua neno nguo zote, hard na ly, unapata nini? Kwa mwili mgumu! Mwanamke aliyefanya kazi miaka thelathini na moja kwa mwili mgumu! Nani amewahi kumsifu dobi vizuri kuliko hivyo?

Nimelibusu jalada la kamusi. Bamba langu halina kosa! Bamba langu ni la kale! Wengine wote wanasoma Kiingereza cha juzi!

Mwalimu kainua kidole, kasema yote hayo ni kweli, lakini asili ya neno si dawa ya kosa, wasomaji ni wa leo, na lililo bora ni nimwendee Mama leo hii na...

Sikungoja amalize. Nilikuwa nimeshafika ngazi ya tatu.

Jumatano, 12 Machi

Bamba nimelirudisha hotelini, na kijitabu kimekamilika. Kurasa tatu, nakala sitini kwa mashine ya masjala. Kichwa cha habari: Ufafanuzi. Ukurasa wa kwanza, hardly ya mashujaa. Wa pili, jinsi neno lilivyoteleza. Wa tatu, mwili mgumu. Nimefanya mazoezi ya kukigawa, mkono wa kulia unatoa, wa kushoto umekunjwa mgongoni kama mhudumu wa meza kuu.

Nimemsomea mke wangu chote. Kaniuliza swali moja tu, kama nimemwambia mama yake. Nimesema ataelewa siku yenyewe, pamoja na wasomi wengine. Mke wangu kaondoka chumbani. Karudi. Kasema mama yake hupenda mtu anayemwambia jambo usoni. Kaondoka tena.

Meneja kaniita. Nusura nizimie, lakini kumbe bado hajasoma! Kaniambia Bwana Tai ndiye mshereheshaji, na kapendekeza kwa moyo safi kwamba maneno ya bamba yasomwe kwa sauti, yafasiriwe kwa Kiswahili ili ndugu wa Mama wafurahi, kisha mimi nisimame nieleze nilivyoyapata. Kaniuliza kama niko tayari.

Kwa moyo safi! Yule anachimba shimo. Hajui kwamba mimi nina ngazi ya kurasa tatu! Nimesema niko tayari kuliko wakati wowote.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike kwa utaratibu, vinginevyo sitaamini mwenyewe.

Ukumbi mkubwa, saa nane mchana. Maua. Mashuka meupe ukutani, yaliyopigwa pasi na Mama mwenyewe, kwa sababu kakataza mtu mwingine asiyapige. Mbele wamekaa wenye hoteli, mume na mke, watu wazima, wenye adabu. Safu ya pili, dada wawili wa Mama na kaka yake mkubwa, mikono juu ya bakora. Mke wangu karibu nao. Akina mama wa dobi nyuma, wamepanga safu kama kwaya. Mama katikati, gauni la buluu, mgongo umenyooka.

Bwana Tai kashika kipaza sauti. Tai mpya, nyekundu. Kavuta kitambaa.

Bamba likang'aa. LY ikang'aa zaidi.

Yule mama wa ng'ambo kasoma, kisha kavua miwani kaifuta, kavaa, kasoma tena. Mumewe kashikwa na kikohozi. Meneja kasogea mbele, kasoma, na nikaona shingo yake inageuka rangi kutoka kwenye kola kwenda juu.

Bwana Tai kasoma kwa Kiingereza, kwa madaha. Kisha kageukia ndugu wa Mama na kufasiri, neno kwa neno, sauti imejaa asali: "Kwa miaka thelathini na moja, karibu hakufanya kazi kabisa. Na hakuacha doa."

Kaka mkubwa akauliza kwa sauti nzito, hao wamesema nini kuhusu dada yangu?

Saa yangu! Nimeruka jukwaani na bunda la vijitabu. Nikasema ndugu wapendwa, hii ni hardly ya kale! Nikasema mashujaa! Nikasema mwili! Lo, kwa nini nilianza na mwili? Kaka mkubwa akasimama. Nikarudi nyuma nimpe nafasi, nikakanyaga waya wa feni kubwa, feni ikageuka ikaniangalia mimi, na kurasa zangu mia moja na themanini, ambazo sikuwa nimezibana, zikapaa. Ukurasa wa pili ukamkaa usoni yule bwana wa ng'ambo. Nikaanza kuukimbilia.

"Keti, mwanangu," Mama akasema.

Niliketi. Palepale, sakafuni.

Akasimama. Hakuchukua kipaza sauti. Mtu aliyepigania kusikika kwenye kelele za mashine za kufulia miaka yote hiyo hakihitaji.

"Kaka, keti na wewe," akasema. "Hilo neno nalijua. Nalijua kuliko wote humu ndani."

Akaeleza. Mwezi wake wa kwanza kazini liliingia shati jeupe la mgeni, limebanwa kikaratasi kwa pini. Kimeandikwa: hardly any starch.

"Starch nilikuwa naijua, ni wanga, imeandikwa kwenye pakiti. Hardly sikuijua. Lakini hard niliijua, ni ngumu. Nikasema, aa, huyu anataka wanga mpaka shati liwe gumu. Nikatia. Nikapiga pasi, nikatia tena. Jamani, lile shati lilisimama! Nililiweka juu ya meza likasimama lenyewe, mikono pembeni, linangoja amri. Kumbe mwenyewe alitaka wanga kidogo mno, karibu usiwepo."

Akina mama wa dobi wakaanza. Kwanza mmoja, kisha safu nzima, wanapigana mabega. Yule mama wa ng'ambo akawa anafasiriwa na Meneja, naye akaanza, ameshika tumbo.

"Msimamizi akasema nifukuzwe siku ileile. Mgeni akaja mwenyewe kule chini na shati lake amelikumbatia kama ubao. Nikamwambia kosa ni langu, sikujua neno, sikuuliza. Akacheka mpaka akakaa kwenye kikapu cha mashuka. Sikufukuzwa. Kwa hiyo kosa la neno halinitishi. Kosa hilihili nimelifanya mimi."

Nilianza kuinuka kutoka sakafuni, nimefarijika. Mapema mno!

"Lakini nililikalia hilo bamba Jumapili," Mama akasema, akanigeukia. "Unadhani mtu akikalia shaba hajui? Ulipokwenda kuchemsha chai nikalitoa, nikalisoma, nikalirudisha. Nikakuuliza kama una neno la kuniambia. Ukaniambia sukari iko pembeni."

Ukumbi mzima ukanitazama. Mke wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nikangoja Jumatatu. Nikangoja Jumanne. Ungekuja tu, ukasema Mama, nimekosea, tungecheka wawili." Hapo ndipo ile pumzi ilipotoka. Ndefu, ya ndoo mbili. "Na wewe mwenye tai. Ulilijua lini?"

Bwana Tai akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu Alhamisi ya wiki iliyopita.

"Ukiona doa kwenye nguo ya mwenzio unamnong'oneza sikioni. Wewe umengoja apande jukwaani ndipo ulisome kwa kipaza sauti, mbele ya ndugu zangu. Mimi nimefua vitu vingi, baba. Sijui hilo lako nilifue na nini."

Makofi! Nami nilipiga, mpaka nilipogundua kwamba ni mimi peke yangu niliyebaki napiga.

Meneja akaomba radhi, akasema bamba litafanywa upya. Mama akakataa. Akasema aliyemwona akifanya kazi anajua, na asiyemwona, acha asome acheke, kicheko hakichafui ukuta. Yule mama wa ng'ambo akaja akamkumbatia. Kaka mkubwa akacheka mwisho kabisa, baada ya kuelezwa habari ya shati mara mbili.

Wakati wa keki Mama alinikatia kipande kikubwa. Nikamwambia Mama, nisamehe. Akasema kasamehe tangu Jumapili, ila siku nyingine niulize. Nikasema nitauliza. Nilisema kwa moyo wote. Macho yalinilowa, na si kwa sababu ya kucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Barua mbili kutoka kwa Meneja, moja yangu na moja ya Bwana Tai. Cheo cha Mkuu wa Mawasiliano kimeahirishwa mpaka mwakani. Bwana Tai kahamishiwa zamu ya mizigo kwa mwezi mmoja. Mimi nimepigwa marufuku kuandika Kiingereza popote ndani ya hoteli, iwe kwenye ukuta, karatasi au kitu chochote cha chuma.

Sikuumia. Nimekaa masjala nikatafakari sana siku hizi mbili tatu, na nimepata funzo kubwa la maisha. Kosa langu lilikuwa Kiingereza. Ni lugha inayoteleza. Unaweka neno leo, baada ya miaka mia tano linamtukana mama mkwe wako. Mtu mwenye akili haweki shaba yake huko.

Nimeisoma barua ya Meneja mara nne, kwa makini, kama msomi. Imesema Kiingereza. Haikutaja lugha nyingine.

Na Jumamosi, sikia hili, tunapokea kundi la wageni arobaini wanaozungumza Kifaransa! Hotelini hakuna anayejua Kifaransa. Hakuna! Kwa hiyo hakuna wa kunikosoa! Ubao mkubwa wa kuwakaribisha, mlangoni kabisa, mahali ambapo hata mwenye usingizi atauona. Nimepata kijitabu cha Kifaransa chenye kurasa kumi na nne, kimesahauliwa chumba namba ishirini na mbili. Mke wangu kauliza kama nitamwonyesha mtu kwanza. Nimemwambia bila shaka, nitawaonyesha wote, Jumamosi.

Nimeanza kujifunza saa sita mchana. Sasa ni saa kumi. Kinaingia vizuri! Mchongaji kashaanza herufi ya kwanza.